Kesi ya Mzee Aliyekataa Kusamehewa

Nilianza kazi ya mashtaka katika umri ambao wenzangu walikuwa wameanza kuulizia pensheni. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili huko Juja, na sheria niliisomea jioni. Nilikuwa natoka darasani na chaki vidoleni, naingia darasa lingine kama mwanafunzi, nakaa kati ya vijana ambao ningeweza kuwazaa. Nawaambia haya mapema, nyinyi mlioajiriwa juzi, kwa sababu mliponialika chai mmoja wenu aliniuliza kama nilianza nikiwa jasiri. Nilianza nikiwa na miwani ya kusomea, magoti yanayouma, na bosi niliyemzidi umri kwa miaka mingi tu.

Bosi huyo aliitwa Gitau. Alikuwa kijana mwembamba, mtaratibu, aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama huku anasoma faili. Ndiye aliyekuwa anaongoza ofisi yetu ndogo ya mashtaka mjini Thika, wakati ule ambao sisi mawakili tulikuwa tunazipokea kesi kutoka kwa maafisa wa polisi waliokuwa wakiziendesha kortini miaka yote. Siku ya kwanza alinipa rundo la faili na kiti kilichokuwa kinainamia upande mmoja, akaniambia nisome.

Nikasoma jinsi nilivyozoea kusoma karatasi za watu, yaani na kalamu nyekundu mkononi. Faili ya kwanza ilikuwa na taarifa ya mlinzi mmoja wa usiku, na ngeli zake zilikuwa zimegongana vibaya. "Gari ile alikuja." "Mlango kilivunjwa." Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye karatasi wenyewe Gitau aliponishika kiganja.

"Mwalimu," akasema, "hii si insha. Hayo makosa ni ya shahidi. Ukiyarekebisha umemnyang'anya maneno yake."

Tangu siku hiyo ofisi nzima ikaniita Mwalimu, na jina likaenda mpaka kwa makarani wa korti na askari wa seli. Kalamu nyekundu niliipeleka nyumbani.

Lakini lugha ilinifaa kwa njia nyingine. Mnajua jinsi sisi watu wa huku tunavyozichanganya herufi mbili, l na r. Hakimu wetu alikuwa ametoka magharibi mwa nchi na hakuwa amezoea. Kuna asubuhi shahidi mmoja, muuza matunda, alikuwa anaeleza alivyoshambuliwa. Akasema, "Mheshimiwa, nilimkuta mahari petu, akaniambia nitoke." Hakimu akainua kichwa. Akauliza hiyo mahari ilikuwa imelipwa au ilikuwa inadaiwa. Shahidi akashangaa. Akasema yeye ana mke tayari. Hakimu akaanza kuandika kwamba ugomvi ulitokana na mambo ya ndoa, nami nikalazimika kusimama na kueleza kwamba shahidi anamaanisha mahali, pale pa kuuzia matunda, na kwamba hakuna msichana yeyote katika kesi hii. Korti ilicheka mpaka askari akaita watu watulie.

Baada ya hapo nikajiwekea desturi ambayo nawaachia. Kabla ya kesi, keti na shahidi wako kwenye benchi la nje, umwache aongee. Muulize alivyosafiri, watoto wanasoma wapi, kazi inaendaje. Usimfundishe la kusema. Huo mstari usiuvuke hata kidogo, maana siku utakayouvuka hutajua tena ukweli uko wapi. Wewe sikiliza tu anavyoviita vitu, anapoogopa anafanyaje, kama akikasirika hunyamaza au huongea sana. Na umwambie kwamba "sijui" ni jibu. Utashangaa ni watu wangapi hawajawahi kuambiwa hivyo. Wengi huja kortini wakidhani ni mtihani, na mtu anayedhani yuko kwenye mtihani atabuni jibu kabla ya kuacha nafasi wazi.

Hiyo desturi ndiyo iliyoniingiza katika kesi ya Mzee Mburu, ambayo ndiyo hasa nataka kuwasimulia.

Faili yake ilikuwa nyembamba. Mzee Mburu alikuwa na shamba la kahawa upande wa Ruiru, katika zile sehemu ambako kila mwaka kahawa ilikuwa inang'olewa ili ploti za nyumba za kukodisha zipate nafasi. Mwanawe, Kimani, alikuwa fundi wa simu katika mtaa wa Githurai 45, akiishi na mkewe na watoto wawili katika chumba kimoja. Kimani alikuwa amemwomba baba yake sehemu ajenge. Mzee akakataa. Siku moja mzee alisafiri kwenda Murang'a kumzika ndugu yake, na aliporudi, bado yuko na nguo za mazishi, akakuta kijana ameleta watu wenye msumeno wa mashine na nusu ya kahawa iko chini. Mzee akachukua jembe akampiga nalo kijana mkononi. Mkono ukapasuka, ukashonwa. Kimani akaenda polisi na fomu yake ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, ikajazwa na daktari, na mzee akashtakiwa kwa kumjeruhi mtu.

Siku waliyokuja mara ya kwanza niliwakuta kwenye benchi la nje. Mzee alikaa mwisho mmoja, kijana mwisho mwingine, na katikati alikaa mama mwenye umbo dogo aliyevaa sweta ya kijivu na kitambaa kichwani, ameshika mifuko ya wote wawili. Huyo alikuwa Wangari, mke wa mzee na mama wa kijana. Aliongea na mmoja, akageuka akaongea na mwingine. Wao kwa wao hawakuongea.

Mashtaka yaliposomwa, mzee aliulizwa kama ni kweli au si kweli.

"Si kweli," akasema.

Karani akamuuliza kama anataka mkalimani wa Kikuyu.

"Sitaki. Atanipunguzia maneno."

Akaachiliwa kwa dhamana, tukapewa tarehe. Kabla ya tarehe hiyo kufika, Kimani akaja ofisini. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji na alikuwa amelivuta shati juu yake kama anayeuonea aibu.

"Madam, nataka kuitoa hiyo kesi," akaniambia. "Niliripoti nikiwa na hasira. Yule ni baba yangu."

Nilifurahi, siwafichi. Mimi ni mtu niliyekaa miaka mingi nikipatanisha watoto waliopigania dawati. Nikamweleza kwamba kesi ni ya umma, si yake peke yake, lakini katika makosa ya aina hiyo, kati ya watu wa nyumba moja, sheria inaturuhusu kumsikiliza. Nikamuuliza kama ameongea na baba yake.

"Hatuongei," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Hata kabla, hatukuwa tunaongea sana."

Nikapeleka faili kwa Gitau. Akaisoma akiwa amesimama, akarudisha. "Hii haina shida. Itoe."

Basi tarehe ilipofika nikasimama, nikamwambia hakimu kwamba mlalamishi anaomba kuondoa malalamiko na upande wa mashtaka haupingi. Hakimu alikuwa na kesi nyingi siku hiyo na uso wake ukalegea. Akamgeukia mzee aliyesimama kizimbani na koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Mzee, umesikia? Mtoto wako amekusamehe. Unaweza kwenda nyumbani."

"Mimi sikubali," mzee akasema.

"Hukubali nini?"

"Sijaomba kusamehewa. Niliambiwa hapa mtu anaitwa, anaulizwa maswali, na lazima ajibu. Nimekuja kwa ajili hiyo."

Watu wakaanza kucheka. Hakimu hakucheka. "Unajua ukipatikana na hatia unaweza kufungwa?"

"Najua. Lakini huyo nyumbani haniongeleshi. Nikimpigia simu hashiki. Hapa ameitwa na serikali." Kisha akanielekezea kidole. "Na huyo msichana asiniondolee kesi yangu."

Mimi msichana nilikuwa na mvi chini ya kitambaa. Hakimu akanitazama kama mtu aliyepewa mzigo ambao hajui mwenyewe ni nani, akatuahirishia wiki moja na kuniagiza niende nikaelewane na watu wangu.

Nilipotoka, Wangari alinifuata kwenye korido. Alikuwa ameiacha mifuko kwenye benchi, na bila ile mifuko alionekana mdogo zaidi.

"Mama," akaniambia polepole, "kijana wangu ameondoa malalamiko kwa sababu ameshapata fundi wa kuchimba msingi. Anataka hii korti iishe aende akajenge. Na mzee anajua. Siku hizi analala na jembe pale kando ya kitanda."

"Amesema atalitumia?"

"Hasemi kitu. Ndiyo naogopa. Ukiitoa leo, hawa watapita mlango huo mmoja na kila mtu aende njia yake. Mimi nitabaki nikingoja siku ile nyingine."

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Akasema hajui, yeye si mtu wa korti, lakini kama kuna mahali popote ambapo hao wawili wanaweza kukaa chumba kimoja bila mmoja kutoka, basi ni hapa.

Nikarudi kwa Gitau. Akanisikiliza mpaka mwisho, na safari hii alikaa.

"Kisheria mzee hana haja ya kukubali," akasema. "Unaweza kuiondoa na akaenda nyumbani atake asitake."

"Najua."

"Na ukiendelea nayo, ushahidi unatosha. Kuna P3, kuna kijana, kuna wale wa msumeno. Atapatikana na hatia. Uko tayari kusimama mbele ya hakimu umwombee hukumu?"

"Sijui," nikamjibu.

"Halafu hakimu atauliza kwa nini ofisi yetu inampotezea siku na ugomvi wa baba na mtoto. Wewe bado ni mgeni hapa, hujathibitishwa kazini."

"Hilo pia najua."

Akazungusha kifuniko cha kalamu. "Mimi ningeitoa, Mwalimu. Lakini mimi sikuongea na mama. Amua, andika sababu zako, sahihi iwe yako. Nikiulizwa nitasema nimekubaliana nawe."

Wanangu, mtawahi kuwa na mabosi wa kila aina. Mkimpata mmoja atakayewaambia wazi kwamba haoni mnavyoona na bado akasimama nyuma yenu, mtunzeni.

Jioni hiyo niliunguza ugali. Nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria nikipima mambo mawili ambayo hayakutaka kupimika. Nikiondoa kesi, faili imekwisha na nimefanya linalosifiwa, lakini labda baada ya muda nitaletewa faili nyingine ya familia hiyo hiyo, nzito kuliko hii. Nikiendelea, naweza kumpeleka gerezani mzee ambaye hakuna mtu yeyote, hata aliyepigwa jembe, anayetaka afungwe. Nilikumbuka watoto wa shule. Mara nyingi nilikuwa nawaambia wapeane mikono mbele yangu, wakapeana, na kesho yake nikawakuta nyuma ya maabara wakipigana. Kupeana mikono kulikuwa kumenifaa mimi zaidi yao.

Nikaandika kwamba tunaendelea.

Siku ya kusikizwa, Kimani aliapa na kusimama mahali pa mashahidi. Hakuwa na furaha nami. Nikamwongoza kwa maswali mafupi: alikuwa wapi, nini kilitokea, nani alimpiga, kwa kitu gani. Akajibu akiniangalia mimi tu, na kila jibu lilikuwa la maneno machache kuliko swali. Alipomaliza nikaketi. Hakimu akamwambia mzee kwamba kwa kuwa hana wakili, anaweza kumuuliza shahidi maswali mwenyewe.

Mzee Mburu akashika ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili.

"Siku ile nilikuwa nimeenda wapi?"

"Murang'a," Kimani akasema.

"Kufanya nini?"

"Kumzika baba mdogo."

"Kabla sijaondoka nilikuambia nini?"

Kimani akatazama chini. "Ulisema tutaongea ukirudi."

"Tuliongea?"

"Hapana."

"Nilipokupiga, nani alikufunga huo mkono?"

"Ni wewe."

"Kwa kitu gani?"

"Koti. Lile ulikuwa umeenda nalo mazishini."

"Nani alikupeleka hospitali?"

"Wewe na mama."

Hakimu alikuwa anaandika yote kwa mkono, kama ilivyokuwa kabla ya hizi mashine mlizo nazo sasa, na mzee alikuwa anangoja kalamu isimame ndipo aulize lingine. Hakuna wakili aliyemfundisha hilo. Alikuwa anataka tu kila neno liingie.

"Kwa nini hukuningoja nirudi?" akauliza.

Kimani akainua uso. "Nimekungoja tangu nioe."

Kalamu ya hakimu ikasimama. Hata mimi nilisahau nilichokuwa nimeshika.

"Kahawa yenyewe hukuwa unaichuma tena," Kimani akaendelea, na sasa alikuwa anamwangalia baba yake. "Miaka hiyo yote inakaa tu. Kila nikija kukuomba unaniambia tutaongea. Nikija Krismasi, tutaongea. Nikija mtoto akizaliwa, tutaongea."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Shahidi alikuwa ameacha kujibu swali na kuanza hotuba, mshtakiwa alikuwa anauliza mambo yasiyohusu kosa, na kazi yangu ni kulinda mwendo wa kesi. Hakimu akanitazama, akinipa nafasi. Nikamsikia Gitau, aliyekuwa amekuja kuketi nyuma yangu, akikohoa. Sikujua kama kikohozi hicho kilisema simama au kaa. Nikakaa. Vitabu vitawafundisha namna nyingi za kusimama kortini. Kukaa mtajifunza wenyewe, na mtakosea mara kadhaa kabla ya kupatia.

Mzee akauliza kwa sauti ya chini, na karani ikabidi amwombe arudie.

"Yule mtoto wako mkubwa analala wapi?"

"Chini," Kimani akasema. "Tunasukuma jiko la gesi, tunamtandikia hapo."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa hutaki nianze hiyo hadithi."

"Ya ploti sikutaka. Ya mtoto ungeniambia."

Bandeji ilikuwa imeshatoka na kovu lilionekana, refu kutoka kiwiko kuelekea chini, na Kimani akalifunika kwa mkono wa pili. Wangari, kwenye viti vya watu, alikuwa ameinama mifuko ikiwa magotini.

"Nimemaliza," mzee akasema. Halafu akageukia hakimu. "Sasa mheshimiwa, andika. Nilimpiga. Kwa jembe. Ni kweli."

Tazameni jinsi mambo yanavyoweza kuharibika pale pale yanapoanza kutengenea. Yale maneno yakiandikwa kama kukubali mashtaka, kilichobaki ni hukumu. Nikasimama haraka mpaka kiti changu kikaanguka nyuma.

"Mheshimiwa," nikasema, "kabla ya korti kuandika hayo kama kukubali kosa, upande wa mashtaka unaomba. Kosa hili ni la kati ya watu wa nyumba moja, na sheria inairuhusu korti hii kuwasaidia wapatane na kuifunga kesi. Tunaomba korti itumie nafasi hiyo."

Hakimu akavua miwani. "Kiongozi wa mashtaka, wiki iliyopita ulikuja na ombi kama hilo na mshtakiwa akalikataa. Ukarudi ukaniambia mnaendelea. Nimesikiza nusu ya kesi. Sasa tena hutaki?"

"Wiki iliyopita, mheshimiwa, hakuwa ameuliza maswali yake."

Nilingoja nikaripiwe. Hakimu akaangalia alichokuwa ameandika, akafungua ukurasa wa nyuma, akasoma kimoyomoyo. Kisha akamuuliza mzee kama amesikia ombi langu.

"Nimesikia. Huyo msichana anapenda kuniombea sana."

"Unakubali au hukubali?"

Kabla mzee hajajibu, Wangari akasimama katikati ya watu, jambo ambalo haliruhusiwi, na askari akaanza kumwendea, lakini hakimu akamwinulia askari kidole.

"Baba Kimani," Wangari akasema, "nimechoka kubeba mifuko miwili. Kubali twende nyumbani."

Akaketi. Mzee akamtazama muda mrefu, kama mtu anayefanya hesabu ya mambo mengi ambayo korti haikuhusika nayo.

"Nakubali," akasema. "Lakini iandikwe kwamba nilimpiga. Sitaki mtu aseme huko nje kwamba kijana wangu alinisingizia."

Hakimu akaandika. Akampa mzee na kijana mwezi mmoja waende nyumbani na warudi kumweleza wamefikia wapi, na akawaonya kwamba asisikie jembe wala msumeno umeguswa kabla ya siku hiyo. Nilipoinua kiti changu kilichoanguka, Gitau alikuwa ameshatoka. Nilimkuta ofisini anakula mandazi akiwa amesimama.

"Ulikuwa unakohoa nini?" nikamuuliza.

"Mafua," akasema, akageuza ukurasa.

Mwezi huo sikuwa na raha. Kila faili mpya iliyotoka upande wa Ruiru niliifungua kwanza kwenye jina la mshtakiwa. Nilikuwa nimejifunza, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, kwamba katika kazi hii unaweza kufanya unaloliamini, ukaliandika vizuri, ukatia sahihi, na bado usijue kama umefanya vyema mpaka watu wengine wakuonyeshe kwa maisha yao. Na mara nyingi hawarudi kukuonyesha. Nyinyi mna njia nyingi kuliko sisi. Mna makubaliano ya kukiri kosa, mna upatanishi wenye maafisa wake, mnasikiza mashahidi walio mbali wakiwa kwenye skrini na hakimu akiwa kwenye skrini nyingine. Hivyo vyote ni vizuri na mvitumie. Lakini kule kungoja hakujapata mashine.

Siku ilifika. Nilitoka nje kuwatafuta kwenye benchi. Mzee alikuwa amekaa mwisho mmoja. Kimani alikuwa amekaa karibu naye, na walikuwa wanazozana kwa Kikuyu, kwa sauti za chini lakini kali, kuhusu mahali pa kupitisha maji ya mvua. Mzee anasema yaende upande wa barabara, kijana anasema yataingia kwa jirani. Wangari alikuwa mbali kidogo, amesimama na mwanamke mwingine, anapiga hadithi. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Tukaingia. Hakimu akaita kesi yao na kuuliza, "Haya, mzee. Mmepatana?"

"Bado," mzee akasema.

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Mwezi mzima na bado?"

"Bado, mheshimiwa. Lakini tunaongea."

"Mnaongea nini?"

"Tunagombana," mzee akasema. "Nimempa ile sehemu aliyokata. Ameanza kujenga, na anajenga vibaya. Ile nyingine yenye kahawa ni yangu mpaka nife. Tunagombana kila jioni akitoka kazini."

Hakimu akamtazama Kimani. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Anakuja kila siku kuangalia msingi. Anamfukuza fundi wangu."

"Nawe mama?"

Wangari akasimama, safari hii kwa ruhusa. "Ni kweli, mheshimiwa. Siku hizi hawanyamazi. Sipati usingizi."

Hakimu akainama juu ya karatasi zake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo. Alipoinua uso alikuwa hakimu tena. Akaandika kwamba kesi imefungwa, akawaambia waende nyumbani wakaendelee. Wakatoka, na kabla mlango haujajifunga nilisikia mzee ameanza tena habari ya maji.

Karani akaita kesi iliyofuata. Ilikuwa ya kuku. Nikavaa miwani, nikafungua faili.